Jino la Tatu la Taji

6 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kuchungulia mwisho wa barua uone kama naomba kitu. Naomba, ndiyo, lakini twende taratibu, salamu kwanza. Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata moto linaacha, ila yeye akishapata moto haachi: tangu nitoke kazini kila siku ananiuliza nimeamka na mpango gani. Anakusalimu sana. Anasema mtu asiyepokea simu angalau ajibu barua.

Mimi sijambo. Mkataba wa kule ghalani uliisha, hawakuuongeza, na kusema kweli sikulia. Nimehesabu makatoni ya watu vya kutosha. Sasa nafanya ile kazi uliyoibatiza "mambo ya sponji". Kitanda nimekisukumia ukutani, na mezani kuna jiriwa dogo la kubania vitu, tupa, bunduki ya gundi na mabaki ya mikeka ya mazoezi. Ile mikeka ni sponji ngumu. Ukiikata na kuipasha moto inakubali kuwa ngao au bega la shujaa wa gemu. Ikipakwa rangi vizuri, mtu anaikamata kwa mikono miwili akidhani ni chuma, kisha anajicheka. Lakini herini ndizo zinazonilisha. Ni vichupa vidogo vya rezini nyekundu, ile plastiki ya kumimina, mfano wa ile dawa ya uhai ambayo wachezaji wa gemu hunywa wakikaribia kufa. Wauguzi wa hospitali ya jirani wanazigombania.

Mwezi wa nane kuna maonyesho makubwa ya mafundi wa vitu vya gemu na tamthilia. Mshindi anapewa meza yake katika jumba la mafundi kwa mwaka mzima, yenye umeme, moto na dirisha. Mama na mimi tumekubaliana: nikishinda, hatanitajia ofisi tena. Nikishindwa, Septemba naingia kwenye ofisi ya rafiki yake, katika kiti ambacho tayari kimewekewa mto. Nimekubali, na unanijua, nikishakubali sirudi nyuma. Mjomba, kile kiti sikitaki kabisa.

Sasa nikueleze habari za malkia, maana bila yeye hutaelewa. Kuna tamthilia ya katuni iitwayo Malkia Mtembezi. Siku ya kutawazwa kwake, taji linaanguka na jino la tatu linavunjika. Wakubwa wa kasri wanamwambia taji bovu halina amri, akalitengenezeshe ndipo arudi kutawala. Basi anatoka kwa miguu, taji kichwani, kipande cha jino kiko kwenye kifuko shingoni, anabisha hodi kwa fundi mmoja baada ya mwingine. Huyu anaogopa, yule anataka nusu ya nchi, mwingine anasema anayeiweza kazi hiyo alishakufa. Tuliifuata miaka na miaka. Halafu watengenezaji wakaishiwa, ikakatwa katikati ya safari. Malkia yuko mbele ya mlango uliofungwa, mkono ameuinua abishe, basi, hapo hapo. Watu wazima walilia, na mmojawapo ndiye huyu anayekuandikia.

Taji hilo ndilo ninalolitengeneza, la shaba ya njano kweli, bovu vile vile kama la kwake. Ule mvunjiko nimeusoma picha kwa picha mpaka naujua kuliko meno yangu. Kipande nimekitia kwenye kifuko cha shingoni, kama chake. Kilichobaki ni jiwe la buluu la katikati, na hilo limenishinda. Kila nikizikunja zile kucha za kulishikia, zinakatika. Wewe ndiye sonara ninayemwamini. Kanuni zinaruhusu kusaidiwa, mradi kila aliyeitia kazi mkono atajwe.

Utanipachikia?

Mpwa wako,
Bi Sponji (jina nimelizoea, nifanyeje)


2 Aprili

Kwako Bi Sponji,

Marahaba. Barua yako imefika imevimba, mleta barua akaniuliza kama ni nguo. Mimi mzima. Paka wa Fundi Saa amezaa ndani ya kabati langu, na Fundi Saa mwenyewe, jirani tunayetenganishwa na ukuta wa mbao tangu tukiwa vijana, anadai watoto ni wangu kwa kuwa kabati ni langu. Mwambie mama yako simu naisikia ikilia. Ila sikio la kushoto limestaafu na la kulia linafanya kazi kwa masharti.

Pole na ghala. Makatoni hayajawahi kumpendeza mtu.

Sasa kazi. Kurasa za malkia nimeziruka. Usininunie. Nimekuwa sonara umri wangu wote, na kila bibi harusi aliyeingia hapa alianza na hadithi ya mapenzi yake, wakati mimi nilichotaka ni mzunguko wa kidole. Nipe vipimo: upana wa jiwe, kina chake, unene wa shaba. Malkia akae kwake.

Kucha zinakatika kwa sababu unazikunja zikiwa ngumu. Shaba ukiipigapiga inanuna. Ipashe moto mpaka iwive wekundu kidogo, iache ipoe, ndipo uibembeleze. Lakini sasa usijaribu tena, utamaliza shaba. Nitumie.

Usinikimbize tu. Wateja wamenijaa, nitalishika nikipata nafasi. Na jina langu usiliandike popote, kupachika jiwe si jambo la kutangaza.

Mwandiko usiuangalie sana. Peni za siku hizi hazina adabu.

Mjomba wako


14 Aprili

Kwako Mjomba mruka kurasa,

Shikamoo. Mama anauliza watoto wa paka ni wangapi na kama kuna mweusi. Goti lake sasa linamsumbua na jioni, lakini hataki kuulizwa, kwa hiyo hujaambiwa na mimi.

Kurasa zile zilinichosha mkono na wewe umezipita kama kituo kisicho na abiria. Haya. Umesema malkia akae kwake, amekaa, simtaji tena. Vipimo nimeviandika kwenye kikaratasi kilichofungwa na jiwe, uviangalie kwa miwani.

Ndani ya sanduku utakuta taji, jiwe kwenye pamba, na kifuko kidogo cha kitambaa. Kifuko usikihangaikie, nimekiweka kwa kuwa vitu hivi sipendi kuvitenganisha.

Peni yako inapanda mlima na kuteremka. Nimemuuliza mama kama unaumwa, akasema hujambo kwa sababu hukumwambia lolote. Hujambo kweli? Hujambo?

Mpwa wako


30 Mei

Kwako mwanangu,

Umeuliza mara mbili, nakujibu mara mbili: sijambo, sijambo. Mmoja wa watoto wa paka ni mweusi, mwambie mama yako asije akamtaka, tayari ameniingia moyoni.

Nimekawia kwa sababu ya wateja. Taji liko njiani. Jiwe limekaa, litikise utakavyo, halitoki.

Nataka nikwambie kitu. Nilipolitoa taji lako sandukuni nilinyamaza, mpaka Fundi Saa akaja kuchungulia kama nimezidiwa. Lile duara limekutana bila pengo. Meno yamepigwa tupa kwa subira, hata upande wa ndani ambao hakuna mtu ataugeuza autazame. Nilikuwa nakuita Bi Sponji kwa utani. Sikujua unaiweza kazi.

Kuna jambo jingine nimelifanya ambalo hukuniomba. Silitaji na wewe usilitaje. Fundi yeyote linamkuta. Mimi lilinikuta ujanani mbele ya mteja mwenyewe, tena mteja mkorofi. Hakuna haja ya kunionea haya. Mama yako hatajua. Limekwisha.

Ila ujue lehemu ya fedha huacha mstari mweupe kwenye shaba. Ukitaka usionekane, lipake maji ya dhahabu.

Mjomba wako


11 Juni

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, goti halijambo. Nimeandika salamu kwa sababu nililelewa.

Mjomba, umelitengeneza jino.

Nilifungua sanduku mama akiwa nyuma yangu. Nikaliona jiwe, nikafurahi mpaka nikapiga makofi. Halafu nikaona meno yote yamesimama. Nikashika kifuko, kitupu. Nilihesabu meno upya kama mtoto wa chekechea.

Sikuliangusha. Sikukuficha kitu. Lile ni taji bovu, limetengenezwa bovu, na watu watakaokuja watalitambua kwa ule ubovu kama unavyomtambua mtu kwa kovu lake la usoni. Yote haya yalikuwa kwenye zile kurasa. Sasa nitaenda kusimama mbele ya watu na taji la malkia wasiyemjua, na waamuzi wanapima jinsi kitu kinavyofanana na kile cha kwenye kioo.

Nimeshika msumeno ili nilikate tena, nikaurudisha mahali pake. Nimeushika tena, nikaurudisha. Ule mstari mweupe ni kazi safi kuliko kila kitu nilichofanya mimi kwenye taji hilo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mama alipitisha kidole juu yake akasema, "Hapo kaka yangu ametia mkono." Kisha akanikumbusha kwamba kile kiti bado kinaningoja.

Ungeniuliza tu. Neno moja.

Nakupenda, lakini nimekasirika na sitaki kujifanya.

Mpwa wako


9 Julai

Mwanangu,

Najua umengoja. Nilikuwa na kazi ya kusoma. Barua yako ya kwanza niliikuta chini ya watoto wa paka, nikazisoma kurasa nilizoziruka, kisha nikagonga ukuta. Fundi Saa akaja na kile kifaa chake cha kioo, tukaitazama tamthilia yako jioni baada ya jioni, wazee wawili na paka. Yule fundi anayetaka nusu ya nchi anashika nyundo kama kijiko cha uji. Lakini ulipofika ule mlango, na yule msichana kainua mkono, halafu giza, Fundi Saa alidhani kifaa chake kimekufa. Alikipigapiga mgongoni. Nikamwambia acha, ndio mwisho wenyewe. Chai yetu ikapoa mezani.

Nimekukosea na nimeumia. Nilikuta taji limevunjika, kipande kimewekwa kwenye kifuko, nawe umeniandikia nisikihangaikie. Nikasema, huyu kaliangusha, anaona haya kunieleza. Unajua kwa nini niliamini upesi hivyo? Kwa sababu ndivyo ninavyofanya mimi.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza mwaka jana kwa kidole kimoja, sasa ni kiganja kizima. Wateja sina, nilikuwa nakudanganya. Karakana niliifunga na ufunguo nikampa Fundi Saa, kwa sababu kila nikiwa nao mfukoni nilikuwa naingia kujaribu, na kila nikijaribu nilikuwa natoka nimenyong'onyea. Dada yangu sikumwambia, maana angekuja, na akija atanioshea vyombo huku analia.

Lilipofika taji lako nilikwenda kuuomba ule ufunguo. Jiwe nisingekuambia siliwezi, na jino sikutaka ulionee aibu. Nilianza na jino, kwa kuwa moto na jiwe havikai pamoja. Mkono wa kulia niliufunga kwa mshipi kwenye mguu wa meza ili usije ukanisaidia. Fundi Saa alikikaza kile kipande mahali pake kwa waya mwembamba. Taa ya utambi nikaiweka mbele yangu, mrija wa kupulizia moto nikaushika kwa mkono wa kushoto, nikautia mdomoni. Niliogopa, sikufichi. Lehemu, ile fedha ya kuungia, ilikaa tu, haitaki kwenda. Nikaongeza pumzi kidogo kidogo, na ghafla ikayeyuka, ikakimbia ndani ya ufa wote kama maji kwenye kitambaa.

Mwanangu, mkono unatetemeka lakini pumzi haitetemeki. Nimekuwa sonara miaka yote hii na hilo nilikuwa silijui. Nilicheka nikiwa nimefungwa pale pale kwenye mguu wa meza, na Fundi Saa naye kwa kucheka akasahau kunifungua. Jiwe nililipachika baadaye kwa mkono wa kushoto, kucha moja kwa siku, ndiyo maana nikakawia.

Sasa lirudishe. Nitalitoa jiwe, nitapuliza moto pale kwenye mstari, na kipande kitatoka kama kilivyoingia. Fundi Saa ameahidi waya wake na kimya chake. Taji lako bovu utalipata kabla ya siku.

Nina swali moja tu, la mzee asiyejua mambo ya tamthilia. Yule malkia, huko mbele ambako hawakutuonyesha, fundi alimpata?

Mjomba wako


20 Julai

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Usiwashe moto. Taji halirudi.

Swali lako nililisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa sakafuni. Sisi wapenzi wa ile tamthilia tumegombana kwa miaka: nani alaumiwe, kwa nini waliikata, itarudi lini. Hilo la kwako hakuna aliyewahi kuniuliza. Tulikuwa tumeshazoea kumwona mlangoni.

Jibu ni ndiyo. Alimpata. Jino limesimama na ushahidi uko mezani kwangu, una mstari mweupe. Maji ya dhahabu sipaki. Kile kifuko nitakitundika wazi kando ya taji, kitupu, kila mtu aone kwamba hakina tena cha kubeba.

Naweza kushindwa. Waamuzi wanaweza kusema nimekosea, na wapenzi wa malkia ni wakali kuliko waamuzi. Nikishindwa nitakaa kwenye kile kiti, ndivyo tulivyokubaliana. Lakini kulikata lile jino siwezi. Nilijaribu kwa hasira nikashindwa, sasa sina hata hasira.

Mambo mawili. La kwanza, kanuni zinataka kila aliyeshika kazi atajwe, kwa hiyo nakutaja, utake usitake. La pili, mama nimemwambia habari za mkono. Nisamehe. Amelia, amekukasirikia, amelia tena, na baada ya maonyesho anakuja kukuoshea vyombo.

Pole sana, Mjomba wangu. Ningejua, zile kurasa ningekusomea mwenyewe, nimekaa karibu na sikio la kulia.

Mpwa wako


25 Agosti

Kwako Mjomba, Fundi wa Malkia,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Goti la mama limepona, na utajua limeponea wapi. Kaa chini. Mwite na Fundi Saa.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, dari ya bati, meza zimepangwa kwa mistari. Kulia kwangu alikuwepo bwana aliyejitengenezea vazi la chuma la sponji, zuri kweli, ila alisahau kwamba binadamu hukaa, akasimama siku nzima. Kushoto kulikuwa na dada mwenye pete za gemu zinazowaka taa. Mimi na kitambaa cheusi, taji, kifuko kitupu, na kikadi. Mama alisema amekuja kunibebea mabegi tu. Alikaa nyuma yangu, mkoba magotini, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

Wa kwanza kufika mezani ni msichana aliyevaa joho la malkia, na taji lake bovu la karatasi ngumu, na kifuko shingoni. Akaangalia, akakunja uso. Akaniambia kwa upole, kama unavyomwambia mtu kwamba kifungo chake kimefunguka, kuwa nimekosea, jino la tatu linatakiwa liwe limevunjika. Nilikuwa nimejiandaa kujibu hilo wiki nzima. Nikanyoosha kidole tu. Akainama. Akauona mstari. Akakitazama kifuko, kisha nikamwona mkono wake unapanda wenyewe mpaka kwenye kifuko chake.

"Alimpata?" akauliza.

"Alimpata."

Mjomba, yule msichana alilia hapo hapo, bila kujificha. Akaenda kuwaita wenzake. Wakaja watatu, wakaja kumi, halafu nikaacha kuhesabu. Foleni ikazunguka mpaka mbele ya yule bwana wa chuma, naye akasema angalau sasa ana watu wa kusimama nao. Wengine hawakutaka hata kuligusa. Walisimama wakatazama, wakasema asante, wakaondoka.

Na kile kikadi. Nilikuwa nimeandika, juu ya jina langu na lako: Kazi ya mikono mitatu na pumzi moja. Kila mtu akauliza maana yake. Kabla sijafungua mdomo, nyuma yangu mama akainuka. Akasema mikono miwili ni ya binti yake, na wa tatu ni wa kushoto wa kaka yake, kwa kuwa wa kulia ulifungwa mshipi kwenye mguu wa meza. Akaeleza mrija. Akaeleza lehemu ilivyogoma na pumzi ilivyoongezwa. Kufika mchana alikuwa anaisimulia kama vile alikuwepo, ameshika taa, na goti hakulikumbuka hata mara moja. Nilisikia akisema "kazi ya binti yangu" kwa mtu asiyemfahamu. Sijawahi kumsikia akiiita hivyo. Nilijifanya napanga kitambaa.

Waamuzi walikuja na picha zao. Mwamuzi mkubwa ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba, uso hausomeki. Aliigeuza picha, akaligeuza taji, akapitisha ukucha kwenye mstari. Akaniambia hili silo taji la kwenye tamthilia.

Nikamjibu, "Hili ni la kesho yake."

Aliandika kitu, wakaenda. Mama akaninong'oneza kwamba yule mwanamke hanipendi. Nilijiona nimeshaketi kwenye kile kiti, na ule mto nikausikia.

Jioni wakatupanga mbele. Wakataja wa tatu, yule dada wa pete. Wakataja wa pili, vazi la chuma, na bwana akashangiliwa akijaribu kupanda ngazi bila kukunja magoti. Kisha mama wa miwani akashika kipaza sauti. Alisema wamekuja kupima nani ameiga vizuri zaidi, na wamekuta mtu aliyeifikisha mwisho. Akataja namba ya meza. Mjomba, sikuitambua namba yangu mwenyewe. Mama ndiye aliyeruka, kwa lile lile goti, mkoba ukaanguka, vitu vikamwagika, na ukumbi mzima ukawa unapiga kelele.

Nimeshinda. Meza ni ya dirishani. Nimeshaipangusa.

Na kabla hatujatoka ukumbini, mama mwenyewe alimpigia simu yule rafiki yake wa ofisi, akamwambia kile kiti ampe mwingine, binti yake ni fundi.

Sasa kuna jambo la kukuuliza. Watu wengi waliojitengenezea lile taji miaka hii yote, bovu kama mimi, wanataka jino lao litengenezwe. Nikawaambia naweza kuwafanyia. Wakasema hapana, wanamtaka yule wa pumzi. Yule msichana wa kwanza kumbe ana la shaba nyumbani, ameng'ang'ania mpaka nimempa anwani yako. Ukiona vibaya niandikie niwakataze.

Mpwa wako,
fundi wa meza ya dirishani


12 Septemba

Mwanangu, fundi mwenzangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mwandiko huu unaouona umenyooka ni wa mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na akichomeka la kwake nitajua. Vyombo ameviosha. Kulia amelia, mara moja tu, kisha akaona shimo la panya kwenye karakana na akasahau huzuni yote. Paka mweusi amelala mapajani mwake sasa hivi na naona nimeshampoteza.

Barua yako Fundi Saa aliisoma kwa sauti, na pale alipotajwa yule mama wa miwani akaanza kusoma polepole makusudi, nikamnyang'anya. Amefurahi, ila ana malalamiko. Anauliza kidole chake kilichokaza waya kiko wapi kwenye kile kikadi. Nimemwambia kitaongezwa.

Usiwakataze watu. Ufunguo nimeuchukua, na safari hii uko mfukoni mwangu na unakaa vizuri. Mlango umepakwa mafuta, makaa yamefika. Mkono wangu haujapona na wala sikudanganyi tena kuhusu huo. Asubuhi naufunga, jioni naufungua, na katikati napuliza. Nimefurahi, mwanangu. Nilidhani imebaki kukaa tu.

Jana tulikuwa ndani, mimi na mama yako, tunabishana mrija utundikwe wapi. Nikasikia hodi, kwa lile sikio la kulia. Nikafungua. Alikuwa msichana mwenye joho lililoshika vumbi la safari, taji la shaba kichwani, jino la tatu limevunjika, kifuko shingoni. Mkono wake ulikuwa bado umeinuliwa, hakutegemea mlango ungefunguka upesi hivyo. Alinitazama, akautazama mshipi unaoning'inia kwenye mkono wangu, akakishika kifuko chake.

Nikamwambia, "Pita ndani, mama. Fundi yupo."

Mjomba wako